Mcheza Kwao Hutunzwa? Maisha ya Bondia Robert Napunyi Wangila (1967–1994)

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii, ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili aliwahi kuitungia sentensi tangu shule ya msingi, aghalabu hufasiriwa kuwa ahadi: anayeonyesha ufundi wake mbele ya watu wake hawezi kukosa tuzo. Makala haya yananuia kuipima ahadi hiyo kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyecheza kwao, akacheza ugenini kwa niaba ya kwao, na hatimaye akafia mbali na kwao. Mtu huyo ni Robert Napunyi Wangila, bondia wa Nairobi.

Kichocheo cha kuandika makala haya kilinipata River Road, nilipokuwa nikingoja pendekezo langu la utafiti lichapishwe na kufungwa jalada. Jirani na duka la uchapishaji palikuwa na kibanda cha kinyozi, na ukutani mwa kibanda hicho palibandikwa picha za wanariadha wetu mashuhuri, wengi wao wakimbiaji. Wazee wawili waliokuwa wakingoja zamu zao walianza kubishana juu ya mtu ambaye picha yake haikuwapo. Mmoja alishikilia kwamba Wangila alifia Seoul, ulingoni, siku ile ile aliyoshinda. Mwenzake alidai kwamba alirudi Nairobi akaugua, akafa kitandani. Kijana aliyekuwa akinyolewa aliuliza kama huyo Wangila alikuwa mbunge wa wapi.

Wazee wote wawili walikosea, na kijana hakuwa na kosa. Hakuna aliyemsimulia. Ikiwa Mkenya pekee aliyewahi kutwaa dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha anaweza kusahauliwa hivi, katika barabara iliyo hatua chache tu kutoka mitaa iliyowalea mabondia wa jiji hili, basi sisi tunaojidai wasomi wa lugha na fasihi tuna deni la kulipa.

Chimbuko: Mitaa na Kumbi

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi mwaka 1967, miaka minne baada ya uhuru. Alikuwa mtoto wa jiji, na jiji la wakati huo lilikuwa na mchezo wake. Ukiiacha River Road na kushuka kuelekea mashariki, unaingia katika mitaa ya kale ya Waafrika: Kariokor, Pumwani, Muthurwa, Kaloleni. Mitaa hii ilikuwa na kumbi za jamii, nyingine zikiwa zimejengwa enzi za ukoloni, na ndani ya kumbi hizo vijana walijifunza ndondi. Neno lenyewe ndondi ndilo lililozoeleka nchini Kenya, ilhali ndugu zetu wa Tanzania wamelipendelea zaidi neno masumbwi. Kwa vyovyote vile, mchezo ulikuwa mmoja, na ulimfaa maskini kwa sababu haukuhitaji uwanja wa nyasi wala viatu vya bei. Mkoba wa mchanga ulioning'inizwa darini, jozi ya glavu iliyotumiwa na vijana kumi kwa zamu, na kocha aliyejitolea saa za jioni, vilitosha kuanzisha klabu.

Wangila alirithi mchezo ambao tayari ulikuwa na masimulizi yake ya mashujaa. Philip Waruinge, aliyetokea Nakuru, alipata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na ustadi wake ukamfanya atuzwe kombe la bondia mwenye mbinu bora kuliko wote katika mashindano hayo, ingawa hakuwa amepata dhahabu. Mwaka 1972 mjini Munich alipata fedha, huku Samuel Mbugua na Dick Murunga wakipata shaba. Mwaka 1978 Stephen Muchoki alitwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade. Kenya ilisusia Olimpiki ya 1976 na ile ya 1980, na kwa ajili hiyo kizazi kizima cha mabondia, Muchoki akiwa miongoni mwao, kikakosa nafasi ambayo hairudi. Iliporejea Los Angeles mwaka 1984, Ibrahim Bilali alipata shaba katika uzani wa fly.

Msomaji makini ataona mambo mawili katika orodha hii. La kwanza ni kwamba Kenya ilikuwa na ufundi wa kutosha. La pili ni kwamba dhahabu ya Olimpiki ilikuwa imekataa kuja. Kwa hakika hapakuwa na bondia Mwafrika mweusi, wa taifa lolote, aliyekuwa ameipata. Nishani za dhahabu za ndondi zilizokuwa zimefika barani mwetu zilikuwa za Wazungu wa Afrika Kusini, na ya mwisho kati ya hizo ilipatikana mwaka 1948.

Lipo pia jambo la tatu. Waruinge, baada ya Munich, alikwenda Japani kupigana ngumi za kulipwa, na huko akapewa jina la ulingoni la Waruinge Nakayama. Muchoki naye alikwenda Denmark. Kila aliyefika kileleni mwa mchezo huu nyumbani alilazimika kuhama ili kuugeuza ufundi wake kuwa riziki. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kufyekwa kabla Wangila hajaanza kutembea.

Kutoka Kasarani hadi Seoul

Mwezi Agosti mwaka 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Nne ya Afrika Nzima, na uwanja mpya wa Kasarani ukafunguliwa kwa ajili hiyo. Timu ya taifa ya ndondi, iliyojulikana kwa jina la Hit Squad, ilikuwa miongoni mwa fahari za wenyeji. Wangila, akiwa na umri wa miaka 19, alitwaa dhahabu ya uzani wa welter, yaani uzani usiozidi kilo 67. Hapa ndipo methali yetu inapotimia kwa mara ya kwanza. Alicheza kwao, na kwao walimshangilia.

Mwaka uliofuata alisafiri kwenda Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Olimpiki hiyo ilianza katikati ya mwezi Septemba na kumalizika tarehe 2 Oktoba, na inakumbukwa na wapenzi wa ngumi duniani kwa mengi. Lennox Lewis alishinda dhahabu ya uzani mkubwa kabisa akiiwakilisha Kanada. Roy Jones wa Marekani alinyimwa dhahabu kwa uamuzi ambao hadi leo hutajwa kama mfano wa dhuluma ya waamuzi. Hiyo ndiyo ilikuwa hadhi ya jukwaa alilopanda kijana wa Nairobi.

Wangila alisonga mbele pambano baada ya pambano. Katika nusu fainali bahati ilimtabasamia: mpinzani wake, Jan Dydak wa Poland, hakuweza kupanda ulingoni, na Wangila akapita bila kurusha konde. Upande wa pili, Mfaransa Laurent Boudouani alimshinda Kenneth Gould wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ridhaa. Aliyemwangusha bingwa wa dunia ndiye aliyetarajiwa kushinda fainali.

Kumbuka kwamba ndondi za ridhaa za wakati huo zilikuwa za raundi tatu, kila raundi dakika tatu, na waamuzi watano wakihesabu pointi kando ya ulingo. Mwafrika aliyefika fainali alijua kwamba hesabu za waamuzi zingeweza kumgeuka. Wangila hakuwaachia waamuzi kazi hiyo. Katika raundi ya pili alimpata Boudouani kwa konde zito, Mfaransa akaanguka, akahesabiwa, na pambano likaisha. Wimbo wa taifa la Kenya ukapigwa katika ukumbi wa ndondi wa Olimpiki kwa mara ya kwanza. Hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 kumalizika, haukuwa umepigwa tena humo.

Kenya ilirudi kutoka Seoul na nishani tisa, tano kati yake zikiwa za dhahabu. Paul Ereng alishinda mbio za mita 800, Peter Rono mita 1500, John Ngugi mita 5000, na Julius Kariuki mbio za kuruka viunzi na maji. Wa tano alikuwa Wangila. Mwenzake wa Hit Squad, Chris Sande, alipata shaba. Majina manne ya kwanza yaliingia katika mnyororo mrefu wa wakimbiaji, na kila bingwa mpya anapotokea huwakumbusha watu waliomtangulia. Jina la Wangila halikupata warithi wa kulikumbusha. Pengine hapo ndipo kusahauliwa kwake kulipoanzia.

Dhahabu Isiyolika

Nishani ya Olimpiki haina mshahara. Bondia wa ridhaa nchini Kenya wa miaka ya 1980, akibahatika, aliajiriwa na taasisi iliyokuwa na timu, kama vile jeshi, polisi au magereza, akafanya kazi mchana na mazoezi jioni. Ngumi za kulipwa hazikuwa na misingi imara nchini. Hapakuwa na waandalizi wenye mitaji, wala vituo vya televisheni vilivyonunua haki za kuonyesha mapambano, wala ukumbi wa kumwingizia bondia kipato cha kumtosha. Shujaa alikuwa amefika kilele ambacho nchi yake haikuwa na kitu cha kumpa akiwa juu yake, ila makofi.

Mwaka 1989 Wangila aliingia katika ngumi za kulipwa na kufanya Marekani kuwa uwanja wake. Katika miaka mitano iliyofuata alipigana mapambano 27, akashinda 22 na kushindwa 5. Hesabu hii si ya kudharauliwa. Wengi wa waliopanda ulingo wa kulipwa hawakuifikia. Hata hivyo, Wangila hakupata kuwa bingwa wa dunia. Alibaki katika tabaka lile la mabondia wazuri ambao majina yao huchapishwa chini ya majina ya wengine katika matangazo, wanaopanda ulingoni mara kwa mara kwa sababu kodi ya nyumba haingoji.

Linganisha hali hii na ya Boudouani, aliyeangushwa na Wangila. Yeye alirudi Ufaransa, nchi yenye waandalizi, kumbi na televisheni. Alijengwa polepole mbele ya watu wake. Mwaka 1996 alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA akiwa nchini mwake, na kuushikilia hadi mwaka 1999. Aliyeshindwa Seoul alicheza kwao akatunzwa. Aliyeshinda Seoul hakuwa na kwao pa kuchezea. Tofauti hiyo haikutokana na ngumi, kwa kuwa ngumi zao zilikwisha kupimana katika ulingo mmoja na jibu likajulikana. Ilitokana na kilichokuwa kikiwangoja mlangoni waliporejea nyumbani.

Las Vegas, Julai 1994

Kabla ya kusimulia mwisho wa Wangila, inafaa tueleze jinsi ngumi za kulipwa zinavyotofautiana na zile alizolelewa nazo. Katika Olimpiki, kuanzia mwaka 1984, mabondia walivaa kofia za kukinga kichwa, na pambano halikuzidi dakika tisa. Katika ngumi za kulipwa kichwa huwa wazi na raundi zaweza kufika kumi au kumi na mbili. Zamani zilifika kumi na tano. Zilianza kupunguzwa baada ya Kim Duk-koo, bondia wa Korea Kusini, kufariki mwaka 1982 kutokana na majeraha aliyoyapata katika raundi ya kumi na nne ya pambano lake huko Las Vegas. Majaaliwa yana kejeli zake: Mkorea alikwenda kufia Las Vegas, na Mkenya aliyeshinda Korea akafuata njia iyo hiyo.

Tarehe 22 Julai 1994 Wangila alipambana na David Gonzalez jijini Las Vegas. Pambano lilifika raundi ya tisa. Wangila alikuwa akipokea makonde mengi, na mwamuzi akaamua kulikatiza. Wangila hakuanguka. Alikuwa wima, na alipinga uamuzi huo, akiona kwamba bado alikuwa na uwezo wa kuendelea. Akashuka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe. Baadaye, katika chumba cha kubadilishia nguo, alizirai. Alikimbizwa hospitali, lakini hakupata fahamu tena. Tarehe 24 Julai akafariki, akiwa na umri wa miaka 26.

Asiyejua jinsi ubongo unavyojeruhiwa atashangaa mtu anawezaje kusimama, kubishana na kutembea, kisha akafa. Makonde yanapokitikisa kichwa, mishipa midogo ya damu iliyo kati ya ubongo na fuvu huweza kuchanika. Damu hujikusanya polepole, na kwa muda mgonjwa huweza kuongea na kuonekana mzima. Fuvu halitanuki, damu inapozidi, ubongo hukandamizwa, na hapo ndipo mtu huanguka. Uchungu wa kisa hiki ni kwamba mwamuzi aliyelaumiwa kwa kulikatiza pambano mapema huenda tayari alikuwa amechelewa.

Wasomaji wa fasihi yetu hawatakosa kumkumbuka Fumo Liyongo. Shujaa huyo wa Pate na Shaka, asiyedhurika kwa silaha nyingine, alichomwa kitovuni kwa shaba na mwanawe mwenyewe. Alitoka nje na upinde wake, akapiga goti karibu na kisima, akafa katika hali ya mtu anayelenga shabaha. Watu wa mji walishindwa kwenda kuteka maji kwa siku kadhaa, wakidhani yu hai na kwamba amekasirika. Wangila naye alikufa kabla ya watu kutambua kwamba anakufa. Ushujaa uliomfanya asimame ndio uliolificha jeraha. Lakini Liyongo alisalitiwa na mtu mmoja aliyeahidiwa zawadi, na utenzi unatutajia msaliti. Katika kisa cha Wangila hatuna wa kumnyooshea kidole. Gonzalez alifanya kazi yake, mwamuzi alifanya yake, na nchi iliyompokea kwa nderemo mwaka 1988 haikumfanyia ubaya wowote. Haikumfanyia lolote, basi.

Nani Mwenye Maiti?

Mwili wa Wangila ulipokuwa ukingoja kuzikwa, mzozo ulizuka juu yake. Walikuwapo walioshikilia kwamba alikuwa amesilimu na kwamba sharti azikwe kwa taratibu za Kiislamu. Walikuwapo jamaa waliotaka azikwe kwa taratibu za Kikristo alimolelewa. Shauri hilo lilifika mahakamani kabla jeneza halijafika kaburini.

Si nia ya makala haya kuamua nani alikuwa na haki. Kenya ilikuwa imekwisha kushuhudia shauri mashuhuri la mazishi ya wakili S. M. Otieno mwaka 1987, ambapo mjane na ukoo walivutana mahakamani kwa miezi mitano. Mashauri ya aina hii hutokea kwa sababu kila upande unampenda marehemu na kumhesabu kuwa wake. Jambo linalosikitisha kwa upande wa Wangila ni wakati wake. Alipokuwa hai, akitafuta riziki katika kumbi za ugenini, ni wachache waliomgombea. Alipokuwa maiti, aligombewa. Hapo methali yetu inatimia kwa mara ya pili, lakini kinyumenyume: mcheza ugenini alirudishwa kwao, na tuzo aliyogombewa ilikuwa kaburi.

Hitimisho

Tumeyapitia maisha mafupi ya mtu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1967, akatwaa dhahabu ya Afrika mwaka 1987 na dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988, akapigana kwa malipo kuanzia mwaka 1989, na akafariki mwaka 1994. Tumeona kwamba hakuwa wa kwanza wala wa pekee kuhama: Waruinge alikwenda Japani, Muchoki Denmark. Tumeona pia kwamba mshindani wake, aliyekuwa na pa kurudi, alifika mbali zaidi.

Je, mcheza kwao hutunzwa? Baada ya kuyatafakari maisha haya, naona kwamba methali hii imetumika vibaya katika insha zetu. Tumeifanya kuwa maelezo ya jinsi mambo yalivyo, ilhali ni agizo kwa wanaotazama. Mchezaji ametimiza sehemu yake anapocheza. Neno hutunzwa ni kazi ya watu wengine: wanaojenga kumbi, wanaolipa, wanaohakikisha daktari yuko kando ya ulingo, na wanaosimulia. Wanaposhindwa kufanya hivyo, kosa si la methali.

Sehemu yetu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili ni hiyo ya mwisho. Mababu zetu walimtungia Liyongo tenzi, nasi tunazisoma hadi leo. Wanandondi wetu wa karne iliyopita bado hawajaandikiwa wasifu wa kutosha katika lugha waliyoongea mitaani mwao, ingawa baadhi ya waliocheza nao, waliowafunza na waliowashangilia wangali hai na wanakumbuka. Yafaa tuwaendee na madaftari yetu kabla kumbukumbu zao hazijazikwa nao. Mada za tasnifu hutafutwa kwa shida kila mwaka, na hii hapa moja, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka River Road.

Nilipokwisha kulipa na kuchukua pendekezo langu, nilirudi katika kile kibanda cha kinyozi. Wazee walikuwa wamekwisha kuondoka, lakini kijana alikuwa bado yupo, akijitazama katika kioo. Nikamsimulia.